Je, kiziwi anawezaje kupiga ngoma mbele ya okestra nzima?

Ukiuliza swali hili kijiweni hapa Dodoma, utapewa majibu mawili. Wa kwanza atakwambia haiwezekani, kwamba muziki ni masikio. Wa pili, aliyewahi kumwona kwenye video yule mwanamke wa Uskoti anayepiga bila viatu, atakwambia anasikia kwa miguu. Jibu la pili ndilo linalosambaa zaidi, na nalo si sahihi.

Anayezungumziwa ni Evelyn Glennie, aliyezaliwa mwaka 1965 Aberdeenshire, katika familia ya wakulima. Usikivu wake ulianza kupungua akiwa na miaka 8, na alipofika 12 alikuwa kiziwi wa kiwango cha juu kabisa. Mwaka 1982 alijiunga na Royal Academy of Music ya London, ambayo mwanzoni ilisita kumpokea, akahitimu 1985. Tangu hapo kazi yake ni hiyo: ngoma, marimba, matoazi, na chochote kinachotoa sauti kikigongwa.

Tuanze na uziwi wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Watu hudhani kiziwi anaishi katika ukimya mtupu. Uziwi una viwango, na hata walio kwenye kiwango cha juu mara nyingi wamebakiwa na usikivu kidogo, hasa wa sauti nzito. Glennie ameeleza kwamba sauti humfikia, ila haina uwazi wa kutosha kumwezesha kutambua maneno. Ndiyo maana akizungumza na mtu hutazama midomo yake; ukiifunika kwa mkono, mazungumzo yamekatika. Utotoni alivalishwa vifaa vya kusaidia kusikia, lakini vilimwongezea ukubwa wa sauti bila kumpa uwazi, naye akaviacha. Kwa hiyo anayesema "hasikii kabisa" amekosea, na anayesema "basi anasikia kama sisi" amekosea vilevile. Kati ya hayo mawili pana eneo kubwa, na mamilioni ya viziwi duniani wamo humo. Inasikitisha kwamba watoto wengi hunyimwa muziki shuleni kwa sababu tu mtu mzima mmoja hakujua kwamba eneo hilo lipo.

Nayo miguu? Huvua viatu kweli. Lakini kwa maelezo yake, sauti nzito ndizo anazozihisi zaidi miguuni, na zile nyembamba huzihisi usoni, shingoni na kifuani. Miguu ni sehemu ya mwili mzima unaofanya kazi.

Aliyemfungulia njia hiyo ni mwalimu wake wa shule, Ron Forbes. Alikuwa akipiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra zenye umbo la sufuria, ambazo ngozi yake hukazwa au kulegezwa ili kubadili sauti, huku mwanafunzi wake ameweka viganja ukutani. Polepole msichana akaanza kutofautisha sauti kwa mahali zilipomfikia mwilini. Alikuwa na mtaji mmoja muhimu: kabla ya kupoteza usikivu alikuwa na kipaji cha kutambua noti bila kusaidiwa na ala yoyote. Alichofanya ni kuunganisha kumbukumbu hiyo na mguso mpya. Hata hivyo yeye mwenyewe husema njia hiyo ilimpa makadirio ya noti, na haya ni maelezo yake juu ya mwili wake, hayakutoka kwenye vipimo vya maabara.

Mguso unawezaje kubeba muziki? Fikiria mashine ya kusaga mtama. Ukisimama mlangoni, unaisikia kwa masikio. Ukiegemea ukuta, unaipata pia mgongoni. Nafaka ikimiminwa kwa wingi, injini inaelemewa, mzunguko unapungua, na mtikisiko ule ukutani unakuwa mzito na wa polepole zaidi. Nafaka ikiisha, injini inafyatuka na mtikisiko unakuwa mwepesi, wa haraka. Mwenye mashine aliyezoea anaweza kuzungumza na mteja, kelele zimejaa, na bado akajua kwa mkono uliogusa chuma kwamba mtama umekwisha. Hakuna alichosikia kwa sikio hapo. Amepima kasi ya mitetemo, na kasi ya mitetemo ndiyo hasa inayoitofautisha noti moja na nyingine.

Ndani ya ngozi mna vijipokezi vinavyoitwa vya Pacini, kwa jina la mwanaanatomia wa Italia. Kazi yao ni kunasa mitetemo, na hunasa vizuri zaidi ile ya karibu na 250 kwa sekunde. Zaidi ya takriban 1,000 ngozi hainasi karibu chochote, ilhali sikio zima hufika 20,000. Sasa linganisha na ala. Timpani nne za kawaida hutoa sauti za mitetemo kama 70 hadi 220 kwa sekunde: zote zimo ndani ya uwezo wa ngozi. Marimba kubwa ya okestra, yenye oktava tano (kila oktava ni umbali wa noti ambao mitetemo huongezeka mara mbili), huanzia kama 65 na kupanda hadi karibu 2,100. Maana yake oktava yake ya juu kabisa inaikwepa ngozi, na huko mpigaji hutegemea macho, mazoezi, na mikono inayojua kila ubao ulipo.

Kwa mtu yeyote, kuishi kwa kazi hii peke yake ni jambo gumu. Katika okestra mpiga ngoma husimama nyuma, akihesabu kimya kirefu kabla ya zamu yake, na kazi zilizotungwa kumweka mbele zilikuwa chache mno. Glennie aliomba watunzi waandike mpya, na zimepita 200. Mojawapo, ya James MacMillan, aliipiga kwa mara ya kwanza London mwaka 1992. Mwaka 2012 aliongoza wapigaji 1,000 katika ufunguzi wa Olimpiki, na 2015 akapewa tuzo ya muziki ya Polar ya Sweden.

Wagogo wanayo ngoma inayofaa kutazamwa kwa jicho hili. Katika muheme, ngoma ya wanawake inayohusiana na unyago, mpigaji hubana ngoma yake katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono. Ardhi ya Chamwino haitikisiki kama jukwaa la mbao, lakini hapa haina haja: mtikisiko unaingia moja kwa moja kwenye misuli na mifupa ya miguu, na viganja vinaupokea papo hapo.

Glennie alisikia kwa miaka minane kabla ya mambo kubadilika, na aliyezaliwa kiziwi hana kumbukumbu hiyo ya noti. Lakini uchunguzi wa ubongo umeonyesha kwamba kwa waliozaliwa viziwi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti huitikia mitetemo inayoguswa kwa ngozi. Na muheme unasimama zaidi juu ya mdundo kuliko juu ya noti. Mdundo wenye mapigo machache kwa sekunde uko mbali sana chini ya kikomo cha ngozi, na binti kiziwi aliyeibana ngoma hiyo anaupata wote.