Kofi moja la mwanzo halitoshi kusinki kamera

Wengi tuliojifunza kuediti video za harusi za kamera kadhaa tuliambiwa piga kofi moja la mikono mwanzo, linganisha ule mlio, basi kamera zote zitaenda pamoja mpaka mwisho. Sio kweli jamani. Kofi linasawazisha pale pale tu, kila kamera ina saa yake ndani na hazikimbii sawasawa kabisa, kwa hiyo baada ya lisaa lizima unaweza kukuta midomo imepishana na sauti fremu (zile picha moja moja zinazounda video) moja au mbili, na simu ndo zaidi maana nyingi idadi ya fremu inapanda na kushuka. Halafu sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde, kamera iliyo mita 34 kutoka kwa spika inasikia kwa kuchelewa fremu mbili na nusu ukirekodi fremu 25 kwa sekunde. Piga kofi lingine mwishoni, tofauti utaiona.