Ridhaa sio "hajui"

Juzi tena nimemsikia mtangazaji anasema bendi fulani "wamepiga kiridhaa sana", akimaanisha wamepiga vibaya, na kwa kweli nimechoka kuona hili neno linageuzwa tusi. Mwanamuziki wa ridhaa ni yule ambaye muziki sio kazi inayomlisha. Basi. Kama anajua au hajui, hilo ni suala lingine kabisa.

Hebu angalieni neno lilikotoka. Ridhaa ni Kiarabu, iko ukoo mmoja na radhi, ridhia na ridhika, yaani mtu kakubali mwenyewe kwa moyo wake, hajashurutishwa. Wafaransa nao wanasema amateur, kutoka Kilatini amator, maana yake mpenzi, mwenye kupenda. Kiarabu na Kilatini hata undugu hazina, lakini zote zimeangalia moyo wa mtu, hakuna iliyopima ufundi wake. Anayeanza kujifunza tuna neno lake zamani tu, mwanagenzi, sasa kwa nini tumnyang'anye mwenzake lake? Kwenye ngumi mbona tunaelewana vizuri, kuna za ridhaa na kuna za kulipwa, na hakuna anayedhani bondia wa ridhaa hajui kurusha ngumi.

Mimi huwa nawakumbuka watu wa Shetland, visiwa vya huko juu kaskazini mwa Uskoti. Karne ya 19 wapiga fidla wao walikuwa wavuvi na wakulima wa vishamba vidogo, mchana yuko baharini na makasia, harusi ikitokea ndio huyohuyo anatangulia mbele ya msafara wa bibi harusi na fidla yake halafu anachezesha watu usiku kucha. Nota hawakuwa nazo, nyimbo zilipokelewa kwa sikio, na walikuwa na upigaji wao ambapo upinde unagusa na uzi wa jirani ambao haujabonyezwa, uvume pamoja na ule unaopigwa, kitu kinachofanana na fidla za Norway (visiwa vilikuwa vya huko mpaka 1469). Meli za kuwinda nyangumi zikipita Lerwick, bandari ya hukohuko Shetland, kuongeza mabaharia wa kwenda Greenland, na fidla nazo zilipanda melini.

Hao wote ni ridhaa. Kwa hiyo ndugu mtangazaji, siku nyingine wakipiga vibaya sema tu wamepiga vibaya, tutakuelewa.