Je, wajua kwa nini nchi iliyofungua mipaka mapema bado ilikosa watalii?

Tarehe 18 Mei 2020, wakati sehemu kubwa ya dunia bado imejifungia kwa sababu ya janga la korona, Tanzania iliruhusu tena ndege za kimataifa na kufuta sharti la mgeni kukaa karantini siku 14. Mgeni alijaza fomu, akapimwa joto la mwili, akaingia. Hata hivyo mwaka ule uliisha na wageni 620,867 tu, kutoka 1,527,230 wa mwaka 2019. Hiyo ni pungufu ya asilimia 59, na miezi ya kwanza ya 2020, ambayo ilikuwa karibu ya kawaida, imo ndani ya hesabu hiyo. Ukiitoa, hali ni mbaya zaidi.

Wengi huamini kwamba kinachoua utalii wakati wa janga ni masharti ya nchi mwenyeji, hivyo dawa ni kufungua. Imani hiyo ilisikika sana wakati ule, kutoka kwa wenye hoteli hadi kwa wanasiasa, na mantiki yake inavutia: kama mlango umefungwa wageni hawaingii, basi ukiufungua wataingia. Kosa limejificha kwenye neno “mlango”. Mlango wa utalii una makomeo mawili, moja la ndani na jingine la nje. Mwenyeji ana mkono kwenye la ndani peke yake. La nje linashikwa na serikali ya mgeni, na serikali hiyo haihitaji kumkataza raia wake kuondoka. Inatosha kumwekea ugumu wa kurudi.

Uingereza ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kuanzia 22 Januari 2021 iliiwekea Tanzania marufuku ya kuingia kwa hofu ya aina mpya ya kirusi. Waingereza na wakazi wa Uingereza hawakuzuiwa kurudi kwao, lakini kuanzia 15 Februari kila aliyetoka nchi ya orodha nyekundu, yaani zile zilizowekewa marufuku hiyo, alifungiwa hotelini kwa siku 10, kwa gharama yake: pauni 1,750 kwa mtu mzima wa kwanza, 650 kwa mtu mzima wa ziada, na 325 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 12. Piga hesabu ya baba, mama na watoto wawili wa umri huo: pauni 3,050, kabla ya tiketi na kabla ya kitanda kimoja cha hoteli ya Nungwi, Zanzibar. Likizo ya siku 7 inaleta kifungo cha siku 10. Agosti mwaka huohuo bei ya mtu mmoja ikapanda hadi pauni 2,285.

Komeo la nje lina ulimi wa pili, nao ni bima. Serikali ikitoa ushauri wa kutosafiri nchi fulani, bima nyingi za safari hukoma kufanya kazi kwa anayekaidi. Mawakala wakubwa hawauzi safari isiyo na bima, hivyo bidhaa inatoka sokoni bila mtu yeyote kupiga marufuku chochote. Pia kuna njia ya kupitia. Uingereza ilipozuia ndege za moja kwa moja kutoka Falme za Kiarabu tarehe 29 Januari 2021, watalii waliozoea kurudi kupitia Dubai walipoteza njia hiyo, ingawa kisiwani Unguja hakuna kilichobadilika.

Waitaliano nao, waliozijaza fukwe za Kiwengwa ya Unguja, na Malindi na Watamu za Kenya, kwa miaka mingi, walikuwa na komeo lao. Italia ilipokubali kulegeza masharti ya safari za burudani za mbali mwishoni mwa Septemba 2021, iliruhusu maeneo machache: Maldives, Mauritius, Shelisheli, Misri, Jamhuri ya Dominika na Aruba. Zanzibar na Kenya hazikuwamo.

Aliyekuja basi ni yule ambaye kwao komeo lilikuwa wazi. Ndiyo maana mapema 2021 lugha ya Warusi ilisikika zaidi kwenye fukwe za Unguja kuliko ya Waitaliano. Kisha, kuanzia 15 Aprili, Urusi nayo ikasitisha sehemu kubwa ya safari zake za ndege kwenda Tanzania, na wimbi hilo likakatika. Thailand ilipitia jambo lilelile kwa mpangilio mzuri zaidi: Phuket ilifunguliwa kwa waliochanjwa tarehe 1 Julai 2021, na tarehe 30 Agosti Uingereza ikaitia Thailand kwenye orodha nyekundu.

Je, komeo la ndani basi halina maana? Lina maana. Kenya, iliyofungua anga 1 Agosti 2020 na kudai cheti cha PCR (kipimo cha maabara cha korona) kisichozidi saa 96, ilipoteza karibu asilimia 72 ya wageni wa 2019, zaidi ya Tanzania. Lakini tofauti hiyo isitafsiriwe kwa pupa. Takwimu za wageni huchanganya watalii, wafanyabiashara na wanaotembelea jamaa kutoka nchi jirani, na hofu ya ugonjwa haiandikwi kwenye fomu ya uhamiaji.

Jambo dogo lililoharibu safari nyingi ni saa zenyewe. Pale kipimo kilipotakiwa kiwe cha ndani ya saa 72, kwa kawaida saa hizo zilihesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa, wala si tangu majibu yalipotoka. Aliyepimwa Ijumaa asubuhi kwa ndege ya Jumatatu usiku alifika kaunta na cheti kilichokwisha muda, na kurudia kipimo siku ya kuondoka kulitegemea kama maabara ingetoa majibu kabla ndege haijaruka.

Uingereza iliiondoa Kenya kwenye orodha nyekundu Septemba 2021, na Tanzania Oktoba. Safari za mbugani hupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo wageni hawakurudi wiki ile. Walionekana kwenye hesabu ya mwaka uliofuata: Tanzania ilipokea 1,454,920 mwaka 2022.