Kutoka bajeti kwenda mifumo ya fedha, maneno ya barazani na ukweli wake

Tangu nihame meza ya bajeti nikaingia kusimamia mifumo ya fedha, yaani programu za kompyuta za hesabu za kampuni, kila nikikaa barazani Mji wa Kale kunywa kahawa lazima mtu aniulize, "Ati sa umekuwa fundi kompyuta?" Basi leo wacha niyajibu maneno yote ya barazani mara moja.

Ya kwanza, ati lazima ujue kuandika programu. Si kweli. Tulipokuwa tunaunganisha mauzo na eTIMS, mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kijana wa programu, mwerevu wallahi, alitia bidhaa zilizosamehewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na zile za asilimia sifuri kapu moja, manake kwake yeye zote ni sifuri tu. Kumbe bidhaa ya asilimia sifuri unaweza kudai VAT uliyolipa kwenye manunuzi, hii iliyosamehewa huwezi kudai kitu. Nilimchorea jedwali nyuma ya karatasi ya mzigo, akarekebisha kabla ya saa saba, na mimi sikuandika hata mstari mmoja wa programu. SQL, lugha ya kuchota data kwenye mfumo, jifunze kidogo lakini, la sivyo kila ukitaka data utakuwa unamwamkia mtu wa IT kama mkwe.

Ya pili, ati ukihama Excel unaiaga. Thubutu! Data ikihama mfumo mmoja kwenda mwingine mara nyingi inapitia humo humo, na ndio hatari ilipo. Uingereza mwaka 2020 karibu kesi 16,000 za korona ziliachwa nje ya hesabu sababu faili lilikuwa la muundo wa zamani wa Excel ambao mwisho wake ni mistari 65,536, likajaa na hakuna aliyeshtuka. Sa hivi mwisho ni 1,048,576, lakini mwisho upo.

Ya tatu, ati ni kushuka cheo. Hapa sidanganyi mtu, nusu yake ni kweli. Kule kwenye bajeti nilikuwa naitwa kikao cha wakubwa kueleza kwa nini mafuta yamepanda, huku mfumo ukienda vizuri hakuna anayekusalimia, ukigoma tarehe mbili hesabu za mwezi hazijafungwa simu inalia mpaka saa tano usiku. Ila ufunguo wa nani aruhusiwe nini kwenye mfumo unao wewe. Kuna mkubwa mmoja mahali nilipokuwa alitaka apewe ruhusa ya kuingiza malipo na ya kuyaidhinisha pia, ati "kuharakisha kazi". Nilikataa, tukanuniana wiki nzima, na ruhusa hakupata. Anayeingiza asiwe anayeidhinisha, hilo hata muuza duka anajua.

Ya nne, ati lazima upate kwanza cheti cha SAP, ile programu ya hesabu ya makampuni makubwa. Bwana, kabla hujalipa pesa zote hizo angalia kampuni unayoitaka inatumia nini, maana huku utakuta Sage, QuickBooks, Odoo, na cheti chako ukitundike ukutani. Anzia hapo hapo ulipo. Ofisini wakitafuta mtu wa kujaribu mfumo mpya kabla haujawashwa, usimtume mwanafunzi wa atachimenti, nenda mwenyewe, na ubebe invoisi mbovu kuliko zote ulizonazo, ile ya dola iliyolipwa nusu kwa shilingi halafu mzigo ukarudishwa.