Kickboxer 2 ya bila Van Damme: yanayosemwa vijiweni na ukweli wenyewe

Hii mada hapa Dar haijawahi kuisha. Kaa kijiwe chochote Manzese au Temeke na watu walioanza kuangalia picha za ngumi enzi za mikanda, taja Kickboxer 2 tu uone, kila mtu ana lake na mengi sio kweli. Mi hizi picha nazipenda toka mdogo na pati tu (yaani ya pili) iliniuma kweli, ila naona lawama tunazipeleka kusikohusika.

Linalosemwa sana ni kwamba Van Damme yumo. Hayumo. Pati wani ya 1989 ndo yake, anacheza Kurt Sloane, kaka yake Eric anapoozeshwa na Tong Po ulingoni huko Thailand, Kurt anaenda kujifua kwa masta Xian halafu fainali wanapigana na makamba mkononi yamechovywa vipande vya chupa. Pati tu ikatoka 1991 na steringi ni Sasha Mitchell, anacheza David Sloane, mdogo wao ambae kwenye pati wani wala hatukumsikia. Kinachochanganya watu ni zile CD za picha kumi kwenye diski moja, kava zima sura ya Van Damme, unafika home unaweka unasubiri atokee mpaka majina yanapanda.

Wengine wanasema alifukuzwa, wengine eti aliumia akaacha. Ee jamani, angalieni miaka yenyewe. 1990 jamaa katoa Lionheart na Death Warrant, 1991 katoa Double Impact anacheza mapacha mwenyewe wote wawili, 1992 Universal Soldier. Yaani alikuwa anapanda tu mwaka hadi mwaka na picha zake zinazidi kuwa kubwa, wala hakuwa mtu wa kukosa kazi. Na baadae karudi kwenye hiyohiyo familia, Kickboxer: Vengeance ya 2016 yeye ndo mwalimu, steringi Alain Moussi.

Eti Sasha Mitchell hajui kupiga. Hapa namtetea. Watu wengi Marekani walimjua kwa komedi ya Step by Step iliyoanza 1991 hiyohiyo, akicheza kijana mpole wa kuchekesha, sasa mtu akimuona pale anadhani ni msanii wa vichekesho kavalishwa kaptula ya ngumi. Kickboxing anaijua, mateke yake ni ya mtu aliyefanya mazoezi, muangalie tu anavyozungusha kiuno kabla mguu haujatoka. Shida sio yeye.

Shida ni hii. Sisi tumekulia kwenye kanuni moja, steringi hafi. Umekaa kibanda umiza, joto, benchi halina egemeo, umelipa hela yako, na kilichokuleta ni Kurt uliyemuacha pati wani kamshusha Tong Po. Halafu unakuja kuambiwa Kurt na Eric wote wameshauawa, na sio ulingoni, kwa bastola! Tong Po, yule aliyekuwa anapiga teke nguzo mpaka lipu inadondoka, kashindwa kupata ushindi wa mikono ndo akachukua bunduki. Kwa hiyo kwa mpigo mmoja wamemuua mtu tuliyempenda na wamemshusha hadhi adui tuliyekuwa tunamuogopa, na yale mazoezi yote ya Xian, makamba, chupa, yote yakawa hayana maana. Mi hapo ndo nilipoumia na hata leo nikiiangalia nasikia hasira. Sasha angecheza vizuri mara kumi bado hicho kidonda kingekuwepo, kwa sababu amepewa kisasi cha watu ambao hatukuruhusiwa hata kuwaaga.

Na msiseme mwandishi alikuwa wa mtaani, aliyeandika ni David S. Goyer, huyohuyo wa Death Warrant na baadae Blade ya 1998. Hata mtu anayejua kazi anaweza kukosea hesabu.

Sasa kuna hii ya kwamba steringi akibadilishwa na bajeti ikiwa ndogo basi picha ndo imekufa. Mnampenda Boyka, yule mpiganaji wa picha za Undisputed? Nani Dar hampendi Boyka. Haya, Undisputed ya kwanza ya 2002 ina Wesley Snipes na Ving Rhames, ni ndondi za gerezani. Pati tu ya 2006 Snipes hayupo, yule bondia George Chambers aliyechezwa na Ving Rhames sasa anachezwa na Michael Jai White, wamehamia gereza la Urusi, haikwenda hata sinema, ilitoka moja kwa moja kwenye DVD. Na ndo imetuletea Boyka wa Scott Adkins! Watu wamesahau kabisa pati wani. Kwa nini? Kwa sababu muongozaji Isaac Florentine anaacha kamera itulie uone teke linaanzia wapi linaishia wapi, na adui kapewa heshima yake mpaka pati ya tatu, 2010, akawa yeye ndo steringi.

American Ninja 3 wala sibishani sana, David Bradley kaingia badala ya Michael Dudikoff 1989, ni kweli hafanani nae, ila ni mhusika mwingine kabisa, na pati ya nne wamo wote wawili.

La mwisho, aliyecheza Tong Po sio Mthailand. Ni Michel Qissi, mzaliwa wa Morocco, rafiki wa Van Damme toka utotoni Ubelgiji, na pati wani majina yanapopanda wameandika Tong Po amejicheza mwenyewe, ndo maana watu wakaamini. Pati tu ni yeyeyule. Ila Kickboxer 4 ya 1994 ni Kamel Krifa, mtu wa Tunisia, kwa hiyo wanaosema pale Tong Po "kanenepa", sio kunenepa, ni mtu mwingine.