Seva inayojisakinisha yenyewe: yanayosemwa Dodoma na ukweli wake

Kusakinisha Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) kwenye seva, kwa mafundi wengi wa hapa Dodoma, bado ni kukaa mbele ya skrini: unachagua lugha, unachagua saa za Dar es Salaam, unagawa diski, unaandika nywila, unasubiri. Seva ya pili, unaanza upya. Wakati huohuo njia ya kuandika majibu yote kwenye faili moja, kisakinishi kikayasoma chenyewe, ipo miaka mingi. Kila aina ya Linux ina ya kwake: Debian wana preseed, Red Hat na ndugu zake wana Kickstart, SUSE hadi toleo la 15 wana AutoYaST, na Ubuntu Server tangu toleo la 20.04 ina autoinstall. Inayowazuia watu ni maneno wanayoyasikia.

“Hiyo ni ya wenye seva mia.”

Mwenye seva moja ndiye anayeihitaji zaidi. Chukua shule ya Kongwa yenye seva moja ya matokeo ya wanafunzi. Diski ikifa, na aliyeisakinisha keshahamishiwa Singida, nani atakumbuka diski iligawanywa vipi na programu gani ziliwekwa? Faili la majibu linakumbuka. Wala huanzi na ukurasa mtupu: ukisakinisha kwa mkono mara moja, familia ya Red Hat inakuachia faili la /root/anaconda-ks.cfg, na Ubuntu inakuachia autoinstall-user-data ndani ya /var/log/installer. Anza kuhariri hapo.

“Bila intaneti ya kasi haiwezekani.”

Inawezekana kwa flashi tu. Kwa Ubuntu, flashi ya pili yenye jina CIDATA, ndani yake user-data (ndilo faili la majibu) na meta-data, inatosha. Kickstart inatafuta flashi iliyopewa jina OEMDRV yenye faili la majibu la ks.cfg. Kama mashine ni nyingi na bando ni dogo, weka kompyuta moja yenye programu ya apt-cacher-ng: kifurushi cha programu cha Ubuntu au Debian kinashushwa mara moja, mashine nyingine zinakichukua hapohapo ofisini.

“Si sawa tu na kukopi diski?”

Hapana. Diski iliyokopiwa inabeba machine-id (kitambulisho cha mashine) ileile na funguo zilezile za SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, za seva ya kwanza. Seva mbili zenye machine-id moja zinaweza kupewa anwani moja ya mtandao, ukahangaika kutwa nzima kutafuta tatizo. Usakinishaji wa kujiendesha huzalisha vitambulisho vipya kwa kila mashine.

“Ukishaiwasha, nenda zako.”

Hii ndiyo dhana inayonitia hofu, kwa sababu inafuta kazi za watu. Amri ya Kickstart ya clearpart --all inafuta diski zote inazoziona, pamoja na ile ya nje yenye nakala rudufu uliyosahau kuichomoa. Na usiandike /dev/sda, jina ambalo Linux huipa diski, ukidhani daima ni diski uliyoikusudia. Majina hayo hubadilika, na flashi inaweza kulichukua. Taja diski kwa namba yake ya utambulisho, kupitia /dev/disk/by-id, au serial (namba ya kiwandani) kwenye faili la Ubuntu. Ubuntu yenyewe ina ulinzi mzuri: neno autoinstall lisipokuwepo kwenye amri za kuwashia, kisakinishi husimama na kuomba idhini kabla ya kugusa diski. Usiuondoe ulinzi huo mpaka uwe na uhakika.

Jambo la pili ni mpangilio wa kuwaka, kwani seva inaweza pia kuwaka na kusakinishwa kupitia mtandao badala ya flashi. Seva ikiachwa iwake kwanza kupitia mtandao, itamaliza kusakinisha, itajiwasha upya, itaukuta mtandao, itaanza tena. Mbaya zaidi ni miezi baadaye: umeme unakatika, unarudi, seva inawaka kupitia mtandao na kujifuta ikiwa na data za watu. Diski iwe ya kwanza. Mtandao uuchague kwa mkono siku ya kusakinisha.

“Chomeka seva ya PXE (inayowasha mashine nyingine kupitia mtandao) kwenye swichi ya ofisi, itafanya kazi.”

Kwenye ofisi kama za Mtumba mtandao tayari una DHCP, huduma inayozigawia kompyuta anwani. Ukiongeza ya pili, kompyuta za wenzako zitaanza kupata anwani zisizo sahihi na kazi zitasimama. Tumia swichi ya pembeni, au programu ya dnsmasq katika hali ya proksi, ambayo inaonyesha tu faili la kuwakia na kuiachia DHCP ya ofisi ugawaji wa anwani. Na zungumza kwanza na wanaosimamia mtandao.

“Nywila ndani ya faili ni siri yetu.”

Faili linalotolewa kwa HTTP, kama ukurasa wa wavuti, linasomwa na yeyote aliye kwenye mtandao huo. Weka heshi (nywila iliyofumbwa) iliyotengenezwa kwa amri ya openssl passwd -6, au bora zaidi, ruhusu ufunguo wa SSH peke yake.

Kabla ya kugusa seva halisi, kagua faili kwa amri: ksvalidator kwa Kickstart, debconf-set-selections -c kwa preseed. Kisha lijaribu ndani ya VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta ya kuiga, yenye diski mbili tupu, uone ni ipi iliyoguswa.