Saratani ya jicho kazini: mafundi watatu wakiugua, karakana ndiyo chanzo?

Dhana: "Mafundi watatu wa karakana moja Nyakato, Mwanza, wana saratani ya jicho. Ni huko kuchomelea tu, hakuna jingine."

Ukweli: Kabla ya kuhesabu watu, uliza kila mmoja aliambiwa anaumwa nini. Hapa Kanda ya Ziwa, nyama inayoota pembeni mwa jicho na kutambaa kuelekea kwenye mboni mara nyingi ni kinyama cha jicho, kinacholetwa na jua, upepo na vumbi. Wavuvi wanakijua. Saratani ya utando wa juu wa jicho hufanana nacho mno, na hiyo ipo kweli Afrika Mashariki: jua huchangia, VVU huongeza hatari. Melanoma ya ndani ya jicho, yaani saratani ya chembe zinazotengeneza rangi, ni habari nyingine kabisa. Marekani huwapata takribani watu 5 au 6 katika kila milioni kwa mwaka, hasa weupe. Kwa Waafrika ni nadra sana. Uvimbe wa nje huthibitishwa kwa kukata kipande na kukipeleka maabara, wa ndani kwa kuchungulia jicho na kupiga ultrasaundi. Majibu yakitofautiana, hayo ni magonjwa matatu yaliyokutana karakana moja.

Dhana: "Basi kuchomelea hakuna neno, miwani ya jua inatosha."

Ukweli: Haitoshi hata kidogo. Mwaka 2017 wataalamu wa IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, waliamua kwamba mionzi ya urujuanimno (UV, kama iliyomo kwenye jua) ya kuchomelea husababisha melanoma ya jicho. Vaa ngao ya uso, na kijana anayekushikia chuma naye avae. (Macho kuwasha usiku kama yametiwa mchanga ni kuungua, si saratani.)

Dhana: "Wachunguzi wasipopata chanzo, wamehongwa."

Ukweli: Huko Marekani, katika miji ya Huntersville, North Carolina, na Auburn, Alabama, melanoma ya jicho ilizua hofu hiyohiyo. Walichunguza miaka kadhaa, na chanzo hakikupatikana. Wagonjwa wachache hawatoshi kutenganisha sumu na bahati mbaya. Tena saratani huchukua miaka kujitokeza, kwa hiyo lazima watafutwe hata walioacha kazi zamani wakarudi kwao Ukerewe au Sengerema. Utawapataje, wakati vibarua hulipwa jioni mkononi bila jina kuandikwa popote? Mimi ningeanza na daftari: jina, kazi aliyofanya, tarehe ya kuanza na ya kuacha.